Mkono Usiosikia Fimbo

Nianze na hili ili tusisumbuane: sikurogwa. Waliosema nimerogwa wapo, wengine ni ndugu zangu wa damu, na tukikutana naamkiana nao kama kawaida. Nilikuwa na ukoma. Nimelitaja lilivyo kwa sababu kwetu pwani ya Kilwa watu wanalizunguka. Wanasema maradhi makubwa, wanasema yale mambo, wazee wanasema matana, na wakati wao wanazunguka mtu anapoteza vidole. Nesi aliyenitibu ameniomba niyaeleze haya kwa ajili ya wengine. Nilimwambia kuandika sijui sana, ila kusema najua. Basi nasema.

Naitwa Somoe. Mume wangu ni Athumani, fundi baiskeli, mtu wa maneno machache. Tuna watoto wawili, Rukia na Salumu, na tuliishi nyumba moja na mkwe wangu, Bi Tatu, mama yake Athumani. Mimi kazi yangu ilikuwa kulima mwani baharini.

Mwani ulikuja katika ile miaka ya ruksa, wakati kila mwenye pumzi alifungua genge, mitumba ikamwagwa mpaka vijijini, na wanunuzi wa korosho wakawa wanapita wenyewe na magari yao. Kampuni moja ikaja kwetu. Mbegu ya mwani ilitoka Ufilipino, na pamoja na mbegu wakatuletea Mfilipino wa kutufundisha kuipanda. Jina lake Danilo, sisi tukamwita Bwana Dani. Mtu mfupi, mcheshi, Kiswahili chake cha kuokoteza.

Mwani unalimwa wakati wa bamvu, maji yanapokupwa mbali na mchanga ukaonekana. Tunapigilia vigingi, tunafunga kamba, tunaning'iniza mbegu. Maji mafu yakija bahari haikupwi vizuri, kazi hakuna, tunakaa tunasukana nywele. Siku hizo Bwana Dani alikuwa anatoka nyuma ya ghala na fimbo mbili za henzerani, anazizungusha peke yake, anaruka huku na huku. Sisi wanawake tulicheka mbavu zikauma. Tulidhani anacheza kirumbizi, mchezo wa fimbo wa wanaume kwenye harusi, ila yeye hana zumari wala mpinzani.

"Mwanaume mzima unapigana na upepo," nikamwambia.

Akasema kwao ule ni mchezo mkubwa, una walimu, una mashindano, na wanawake wanacheza.

"Mwanamke acheze fimbo? Toba!"

"Cheza sana," akasema Bwana Dani. "Mama yangu cheza. Piga mimi mpaka leo."

Bamvu ikapita, maji mafu yaliporudi wachache wetu tulikuwa tumesimama mstari nyuma ya ghala, kila mmoja na fito lake la mkole.

Kirumbizi unamtafuta mwenzio kichwa. Mchezo wa Bwana Dani unautafuta mkono ulioshika fimbo. "Nyoka, toa meno," alikuwa anasema, na maana yake ni kwamba ukimpiga mtu vidole akaachia fimbo, huna haja tena ya kichwa chake. Ndiyo ikawa sheria yetu ya mashindano. Kichwani unavaa helmeti ya pikipiki, kifuani gunia lililojazwa mwani mkavu, mkononi kipande cha kanga tu. Fimbo ikikuponyoka, umeshindwa.

Waume walinung'unika. Shehe akasema maadamu tumejisitiri na hatupigi kelele saa za sala, yeye hana neno. Athumani alisema, "Ukivunjika jino usinililie," akarudi kwenye spoku zake. Na kwa kuwa mimi nina mdomo, nikafanywa mwandalizi. Nilizunguka kwa baiskeli vijiji vya mwani nikihamasisha wanawake waunde timu. Niliazima helmeti kwa waendesha pikipiki, na nakwambia kumwazima mwanaume helmeti yake ni kazi kuliko kumwazima mke. Nilimwomba mwenyekiti wa Tingi uwanja, kwa sababu Tingi iko njiani na kila mtu anafika. Siku nilipanga kwa maji mafu. Tulizungushia uwanja kamba za mwani, tukapika ubwabwa, na watu walikuja mpaka wengine wakapanda juu ya mapaa.

Sasa nieleze kuhusu chale, maana ndipo mambo yalipoharibikia.

Kwetu hakuna timu inayokwenda uwanjani mikono mitupu, iwe ya mpira, iwe ya ngoma. Kabla ya mashindano ya kwanza tulikwenda kwa Mzee Likungu, bara, karibu na Njinjo. Yeye ni mganga, kwetu tunasema fundi. Alituchanja chale kwenye viganja na viwiko, akapaka unga mweusi, akatupa mwiko. Dawa haitangazwi. Utakachokiona mwilini mwako usimwambie mtu, hata yule mnayelala naye mkeka mmoja. Ukisema, imekufa.

Mashindano ya kwanza nilitolewa mapema. Aliyenitoa ni Hadija wa Somanga, mwanamke mrefu, mwenye mwanya, mdomo wake hauna breki. Alinigonga kifundo cha kidole nikapiga ukunga uwanja mzima ukasikia. Fimbo ikaruka huko. Hadija akaniinamia akasema, "Nenda kapike uji, dada. Mkono wako laini kama maini." Nilimchukia siku hiyo kwa moyo wote.

Masika yakapita, kusi ikapita, kaskazi ilipoanza kuvuma nikawa siwezi kufunga kamba za mbegu vizuri. Kidole cha mwisho cha mkono wa kulia kilikuwa kama si changu. Siku moja nikaepua sufuria ya maharage bila kitambaa, nikaiweka chini taratibu, nikaenda zangu. Bi Tatu ndiye aliyesema, "Mwanangu, mbona pananukia nyama?" Ni mimi. Ngozi ya vidole ilikuwa imebaki kwenye sufuria.

Na mimi nilifurahi. Soma hapo polepole: nilifurahi. Nilijua dawa ya Mzee Likungu imekubali, imekaa mkononi. Nikamwambia Bi Tatu moto haukuwa mkali, nikafunga kidonda na kitambaa. Mwiko ni mwiko.

Mashindano ya pili niliwapiga wote. Wananigonga vidole, mimi nimeshika tu. Damu inachuruzika kwenye kanga, nimeshika tu. Watu wakaanza kuimba, "Hasikii! Hasikii!" Niliwahi kuolewa, niliwahi kuzaa, sijawahi kupigiwa vigelegele kama vile. Hadija alinipiga kwenye vifundo mpaka fito lake likapasuka. Aliangalia fito, akaniangalia usoni, akasema, "Si bure." Kisha nikampiga mkono akaachia.

Wanawake wa timu nyingine wakafunga safari kwa Mzee Likungu kutaka ile ya Somoe. Wakachanjwa, wakarudi, wakapigwa, wakalia. Wakarudi tena kumgombeza mzee wa watu kwamba amewapa makombo. Mimi nacheka pembeni, nimenyamaza na siri yangu.

Athumani aliona baka mgongoni mwangu, jeupejeupe, kavu. "Mama Rukia, hili nini?" Nikasema chumvi ya bahari. Wanawake wote wa mwani tulikuwa na ngozi mbaya, akaamini.

Mashindano ya tatu tukakutana fainali, mimi na Hadija. Nakumbuka nilikuwa namsukuma vizuri, najua nimempata, narusha mkono. Mara nikaona ameshusha fimbo yake.

"Mbona umesimama?" nikamwambia. "Njoo!"

"Nije kwa nini?" akasema Hadija. "Fimbo yako iko chini."

Nikatazama. Mkono wangu ulikuwa juu, vidole vimejikunja vilevile kama vimeshika kitu, na ndani hamna kitu. Fimbo ilikuwa mchangani nyuma yangu. Watu walisema ilikuwa imeanguka zamani, nilikuwa napiga hewa. Hadija akaiokota akanipa. Ikaanguka tena.

Nilirudi kwa Mzee Likungu kulalamika kwamba dawa imeisha nguvu. Alishika mkono wangu akaugeuza, akaona makovu ya moto, akaona baka kwenye kiwiko. Akauachia.

"Somoe, nani alikwambia dawa yangu ni ya kutosikia?"

"Si ndiyo kinga yenyewe, mzee?"

"Yangu ni ya macho. Uione fimbo ya mwenzio kabla haijafika. Mtu asiyesikia ataishije? Hii si ya kwangu. Nenda hospitali, na usipitie kwingine." Kisha akainuka, akanawa mikono mbele yangu, akanawa tena. Hakunificha wala hakunitukana. Ndipo nilipoogopa.

Hospitalini, kliniki yetu sisi wa ukoma ilikuwa na siku yake na benchi lake, nyuma, karibu na stoo. Nikakuta wanawake wamejifunika kanga mpaka puani, wanaume wameingiza mikono mifukoni. Nikamwamkia mama mmoja, shikamoo, akaitika marahaba, akanieleza upesi kwamba yeye haumwi, amemsindikiza mdogo wake. Aliyekaa pembeni yake alimsindikiza jirani. Mzee mmoja alikuwa anapita tu. Nilipoulizwa nikasema nimetumwa na mama mkwe. Benchi zima tulikuwa wasindikizaji, mgonjwa hakuna.

Nesi wa kliniki alikuwa Lukresia, Mmakonde, Mkristo, mama mnene mwenye sauti ya chini. Alinikalisha kwenye kiti akaninyoosha mkono juu ya meza.

"Fumba macho, mama. Mimi nina pamba hapa. Nikikugusa, nionyeshe kwa kidole pale nilipogusa. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

Nikafumba macho. Nikasubiri. Nje kulikuwa na kuku wanaparura, mtu anavuta maji kisimani, kapi inalia. Nikaona ananichelewesha.

"Anza basi, sista."

"Nimemaliza, mama," akasema Lukresia. "Fungua macho."

Akaniambia ni ukoma. Akaniambia una dawa na unapona, kwamba nikishaanza dawa simwambukizi mtu, nirudi nyumbani nile na wanangu na nilale na mume wangu. Na akaniambia kitu ambacho hakukipamba: dawa inaua ugonjwa, lakini mshipa wa fahamu uliokwisha kufa huenda usirudi. Angekuwa ameniona ile siku ya sufuria, alisema, tungekuwa tunaongea mengine.

Watu huniuliza nilijisikiaje. Sikujisikia. Nilimuuliza kama basi la mchana limeshapita. Nikameza vidonge mbele yake, nikafunga vingine kwenye pindo la kanga, nikaenda stendi. Nilinunua ndizi nikala. Nilikuwa nasubiri kulia na kilio hakikuja, nikaona labda na roho nayo imeingia ganzi.

Nyumbani nikamweleza Athumani kama nilivyoelezwa, neno kwa neno. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sawa." Akaenda kuziba pancha ya mtu. Siku hiyo alitandika mkeka wake barazani.

Bi Tatu alininunulia bakuli la bati la buluu. Hakunifokea, afadhali angefoka. Alikaa karibu na mlango akasema, "Mwanangu, mimi nimewaona wale wa zamani. Walijengewa kijiji chao. Sina nia ya kukuudhi, lakini hawa wajukuu ndio ninao." Kuanzia hapo wao wanakula kwenye sinia, mimi na bakuli langu upande wa jikoni. Baadaye kidogo watoto wakapelekwa Njinjo kwa shangazi yao. Salumu alikuwa mdogo, alifurahia kupanda lori. Rukia alielewa. Aliangalia mkono wangu, kisha akaangalia kwingine. Lori likaondoka, nikarudi ndani nikapepeta mchele.

Wengine wakiumwa wanaiombea roho. Roho yangu haikuwa na neno, nesi alishasema sifi. Mimi nilitaka jambo moja tu, mkono wangu urudi kwa watu. Uingie kwenye sinia pamoja na mikono mingine. Mtu aupokee tunapoamkiana. Hata upigwe fimbo, lakini upigwe na mtu asiyeuogopa. Maana baharini wenzangu walishahamisha kamba zao mbali na zangu, na njiani watu walijifunza kunisalimu huku wamebeba vitu mikono miwili. Hata asiyekuwa na mzigo aliokota jiwe.

Dawa za kwanza zilinikojoza mkojo mwekundu. Hakuna aliyeniambia, au niliambiwa sikusikia, nikadhani natoka damu, nikakaa chooni nasali. Wewe ukiona hivyo usiogope, ni rangi ya kidonge. Msimu wa korosho ngozi yangu ikaanza kuwa nyeusi, nyeusi ya zambarau, ikakauka nikawa najikuna mpaka unga unadondoka. Hiyo nayo ni dawa. Mimi nilikuwa maji ya kunde, na nilijipenda. Nikafunika kioo kwa kanga.

Masika ukaja mgeuko. Mtu unatumia dawa vizuri halafu mwili unawaka wenyewe. Mshipa wa kiwiko ulivimba, homa, maumivu mpaka nikauma mto. Na kinachochekesha ni kwamba mkono haukusikia chochote chini ya kiwiko, kiwiko kikasikia kwa niaba yake. Watu wengi wakifika hapo wanaacha dawa, wanasema inaua. Usiache. Mimi Lukresia alinilaza wodini, akanipa vidonge vingine, homa ikashuka. Lakini uso ukavimba ukawa mviringo kama chungu. Nikirudi kijijini watu wanapiga makofi, "Eh, Somoe, umenawiri! Bahari inakulisha." Sura yangu ya ugonjwa ndiyo waliyoisifia kuliko zote.

Kila siku nilitakiwa kuloweka mkono kwenye beseni, kuupaka mafuta ya nazi na kuvinyoosha vidole kwa mkono wa kushoto, kimoja kimoja. Na kuuangalia. Hilo ndilo gumu, wewe unayesoma. Mkono usiosikia hauombi msaada, lazima uukague mwenyewe kama mtoto wa mtu uliyeachiwa. Nilikuwa nakuta mwiba umeingia, sijui tangu lini.

Jioni moja niliporudi kutoka shamba la mwani nikakuta sufuria zetu zote zimefungwa mpira wa baiskeli kwenye mishikio, na kwenye mwiko, na kwenye mfuniko wa birika. Umezungushwa vizuri, umebanwa kwa waya. Athumani alikuwa barazani na ringi ya gurudumu, hakuinua uso. Nilitaka aseme kitu. Ningeridhika na neno lolote. Lakini sufuria zilikuwa zimefungwa, na sikuungua tena. Msimu huohuo, kabla ya vuli, mkeka wake ukarudi ndani.

Pakiti za mwisho nilizimaliza wakati kusi inapoa. Lukresia akanikagua mwili mzima, akasema nimepona. Pamba sikuisikia safari hii pia. Vidole viwili vya mwisho vimejikunja na vitabaki hivyo, ganzi imebaki mpaka kiwiko. Nilipouliza kama itaondoka alisema hapana. Namheshimu kwa hilo. Watoto walirudi kutoka Njinjo. Salumu alinikimbilia, akasimama, akamtazama kwanza bibi yake. Bakuli la buluu lilibaki palepale.

Bwana Dani alikuwa amekwisha kwenda kwao, mkataba wake uliisha. Aliniachia zile fimbo zake za henzerani. Mashindano yalikuwa yamelala tangu ile siku, kwa sababu mwandalizi alikuwa mimi. Nikayaamsha. Nilizunguka vijijini na baiskeli ileile, mkono mmoja kwenye usukani. Watu walikubali, uwanja wa Tingi tulipewa, helmeti zikapatikana.

Asubuhi ya mashindano ndipo viongozi wa timu wakaniita pembeni. Walisema kwa adabu sana. Dada Somoe, kazi umeifanya, Mungu akulipe. Ila uwanjani usiingie. Na pale penye vyungu vya ubwabwa ungekaa upande wa pili. Nesi Lukresia alikuwa amekuja kutazama. Akajitokeza akawaeleza mbele ya watu wote kwamba nimepona, kwamba simwambukizi mtu, kwamba hata yeye hunishika kila siku. Walimsikiliza vizuri, wakamshukuru, na hakuna aliyesogea.

Mimi nilisimama tu. Sikuwa na hasira, sikuwa na aibu. Nilikuwa nafikiria nani atarudisha helmeti.

"Ngojeni," akasema Hadija. Alikuwa amechutama anakula muhogo, akainuka anajipangusa. "Huyu mwanamke alinipiga mbele ya mashemeji zangu kwa mkono uliokufa. Nimekaa na aibu hiyo muda wote huu. Kisasi changu nitamlipa nani, nesi? Mwingizeni."

"Hadija, una watoto wewe," mtu akamwambia.

"Ninao. Na wote walicheka nilipopigwa. Mwingizeni!"

Nikamwambia siwezi kushika fimbo. Nikamwonyesha vidole. Aliviangalia kwa makini, bila kuficha.

"Basi wakufunge. Sheria ya kuangusha tuiache. Atakayesema basi, ndiye kashindwa."

Watu wakatazamana, afunge nani. Athumani akatoka kwenye umati. Mume wangu ambaye hajawahi kusimama mbele ya watu, hata siku ya harusi yetu alimwachia kaka yake maneno. Akatoa mfukoni kipande cha mpira, akaniwekea henzerani ya Bwana Dani kiganjani, akaanza kuizungushia. Alifunga kama anavyofunga kitu cha mteja, anavuta, anakaza, anavuta. Bi Tatu alikuwa kwenye kivuli cha duka na wajukuu, nilimwona amejishika shavu.

"Inabana?" Athumani akauliza, halafu akakumbuka. "Samahani, Mama Rukia."

Tukapigana. Hadija hakunionea huruma hata chembe, na namshukuru. Alinipiga mabega, mbavu, paja, alinigonga helmeti mpaka masikio yakalia. Kwa kuwa mkono haukuniambia kitu, nilibaki na macho. Nikaangalia bega lake, nikaangalia miguu yake, nikaanza kuiona fimbo kabla haijatoka. Nilimpata mara mbili tatu, moja ya vidole, akaruka na kutukana, watu wakacheka. Lakini alikuwa na nguvu na mimi nilikuwa nimetoka kwenye vidonge. Aliniangusha chini, nikainuka, akaniangusha tena. Nikasema basi.

Vigelegele vya Hadija vikapigwa. Akavua helmeti, jasho tupu, akanijia. Nilikuwa nahangaika na fundo kwa mkono wa kushoto. Mpira ulikuwa umekaza kwa jasho, vidole vimeanza kuvimba, vinabadilika rangi. Lukresia alikuwa mbali anajipenyeza, Athumani anaita kisu, kisu hakuna.

"Lete," akasema Hadija. Akakamata mkono wangu. Akajaribu kucha, zikateleza. Akajaribu kuutelezesha mpira, ukagoma. Akafyonya, akauinua mkono mpaka usoni kwake, akauma fundo.

Nilimsikia akipumua kwa pua. Midomo yake ilikuwa kwenye ngozi yangu, ile nyeusi, kavu, yenye makovu, na meno yanachimba chini ya mpira, anatingisha kichwa, anavuta. Nilikuwa natazama kwa sababu bila kutazama nisingejua. Mpira ukakatika. Fimbo ikaanguka. Hadija akatema kipande, akajipangusa mdomo kwa kiganja, hakuuachia mkono.

"Una chumvi, we mwanamke!" akasema kwa sauti. "Huogi?"

Mtu mmoja akacheka, kisha wengi. Mimi nikaanza kulia. Mimi ambaye sikulia kwenye kiti cha Lukresia, wala lori la Njinjo lilipoondoka. Nililia mpaka kamasi, mbele ya vijiji vyote, hata kujifuta sikuweza kwa sababu mkono wangu ulikuwa kwa mtu.

Hadija akashtuka, akaugeuza mkono akitafuta alipong'ata.

"Mama we, Somoe! Nimekuumiza?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Kidogo."